Mzee Akivunjika Nyonga: Yanayofuata Baada ya Kubadilishiwa Nusu ya Nyonga

Na Mwandishi Wetu

Mzee anapoteleza bafuni au kujikwaa kizingitini na kuanguka, familia nyingi humwinua, humkanda kwa maji ya moto na kusubiri maumivu yapungue. Mara nyingi hupungua. Lakini endapo mzee huyo hawezi kusimama, mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwingine na unyayo wake umelalia upande wa nje, hayo si maumivu ya kawaida ya kuanguka. Kuna uwezekano mkubwa kwamba nyonga imevunjika. Kuanzia hapo, maamuzi ya siku chache zinazofuata huchangia kwa kiasi kikubwa kuamua iwapo mzee atatembea tena na, kwa baadhi yao, iwapo ataishi.

Mojawapo ya tiba zinazotumika zaidi duniani kwa wazee waliovunjika nyonga ni upasuaji wa kubadilisha nusu ya nyonga. Hapa nchini, matibabu ya kibingwa ya mifupa hutolewa katika Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, pamoja na hospitali za rufaa za kanda kama vile KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Hata hivyo, ndugu wa mgonjwa wanapoelezwa kuhusu upasuaji huu huwa na maswali yanayofanana: Je, mzee atapona? Kifaa kitadumu miaka mingapi? Je, si heri kumwacha apumzike nyumbani? Makala haya yanaeleza yale ambayo utafiti na kumbukumbu za miaka mingi zimethibitisha.

Kwa nini mfupa hubadilishwa badala ya kuungwa

Nyonga ni kiungo kinachofanana na mpira uliokaa ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja, na kikombe kimo katika mfupa wa kiunoni. Vyote viwili vimefunikwa kwa gegedu laini linaloviwezesha kuteleza bila kusagana. Chini ya kichwa hicho kuna sehemu nyembamba iitwayo shingo ya mfupa wa paja, na ndiyo inayovunjika mara nyingi mzee anapoanguka.

Tatizo la shingo hiyo ni damu. Mishipa mingi inayolisha kichwa cha mfupa hupita ikiwa imeambatana na shingo. Mfupa unapovunjika na vipande vyake kuachana, mishipa hiyo hukatika au kubanwa. Kichwa hubaki bila lishe ya kutosha, hivyo kuna hatari ya mfupa kutounga au kichwa chenyewe kufa na kuporomoka baada ya miezi kadhaa. Kwa kijana, daktari hujitahidi kuokoa kichwa hicho kwa skrubu kwa sababu mfupa wake una nguvu na ana miaka mingi mbele yake. Kwa mzee ambaye mfupa wake umekwisha kuwa mwepesi, skrubu hushika vibaya, na kurudia upasuaji mara ya pili ni mzigo ambao mwili wake huenda usiuhimili.

Ndiyo maana madaktari huondoa kichwa kilichovunjika na kuweka cha chuma, chenye shina linaloingia ndani ya uwazi wa mfupa wa paja. Kikombe cha mgonjwa mwenyewe huachwa kama kilivyo, na hapo ndipo linapotoka jina la kubadilisha nusu ya nyonga. Tiba hii si ngeni. Mwaka 1940 madaktari wa Marekani, Austin Moore na Harold Bohlman, walimwekea mgonjwa sehemu ya juu ya mfupa wa paja iliyotengenezwa kwa chuma. Katika miaka ya 1950 vifaa vilivyobuniwa na Moore na Frederick Thompson vilienea duniani, na majina yao yangali yakitajwa katika vyumba vya upasuaji hadi leo.

Ieleweke pia kwamba si kila mvunjiko wa nyonga hutibiwa hivi. Mfupa ukivunjika chini ya shingo, mahali ambapo damu ni ya kutosha, kwa kawaida huungwa kwa chuma na kuachwa upone. Picha ya eksirei ndiyo inayomwonesha daktari aina ya mvunjiko.

Suala la uhai

Jambo la kwanza ambalo familia inapaswa kulijua ni kwamba mvunjiko wa nyonga kwa mzee ni ugonjwa mzito wa mwili mzima, na si jeraha la mguu peke yake. Kumbukumbu za nchi zenye rejesta za muda mrefu za wagonjwa hawa, kama vile Sweden iliyoanza mwaka 1988, Norway mwaka 2005 na Uingereza mwaka 2007, zinaonesha kuwa vifo ndani ya mwaka mmoja ni vingi. Kwa ujumla, kati ya wazee watano wanaovunjika nyonga, mmoja au zaidi hufariki kabla ya mwaka kwisha.

Ni kosa kudhani kuwa vifo hivyo vyote husababishwa na kisu cha daktari au chuma kilichowekwa. Wengi wa wagonjwa hawa wana umri wa miaka 80 na zaidi, na huvunjika wakiwa tayari na maradhi ya moyo, kisukari, figo au kupungua kwa kumbukumbu. Kulala kitandani kwa muda mrefu huongeza nimonia, mabonge ya damu miguuni na kwenye mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo na vidonda vya mgandamizo. Upasuaji unakusudia kuvunja mnyororo huo: unaondoa maumivu makali na kumwezesha mgonjwa kuketi na kusimama mapema.

Kwa sababu hiyo, kumfungia mzee ndani na kumtafutia muunga mifupa wa jadi kwa mvunjiko wa aina hii kuna hatari kubwa. Mkono au muundi uliovunjika unaweza kuunga ukitulizwa vizuri. Shingo ya nyonga iliyokatikiwa damu haiungi kwa kukandwa wala kwa kufungwa vijiti, na kila wiki inayopita kitandani hupunguza nguvu za misuli ambazo mzee atazihitaji ili asimame.

Je, kungoja kunadhuru?

Mwongozo wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 unaelekeza kwamba mgonjwa afanyiwe upasuaji siku anayopokewa au siku inayofuata. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, ukihusisha wagonjwa 2,970 katika hospitali 69 za nchi 17, ulilinganisha upasuaji uliofanyika takriban saa 6 baada ya mvunjiko kuthibitishwa na ule uliofanyika takriban saa 24. Vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kuthibitisha kwamba haraka hiyo iliokoa maisha. Hata hivyo, waliopasuliwa mapema zaidi walipungukiwa na hali ya kuchanganyikiwa akili na maambukizi ya njia ya mkojo, walisimama mapema na waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema.

Funzo lake kwa familia iliyo mbali na hospitali ya rufaa ni hili: tofauti ya saa chache si sababu ya kukata tamaa, lakini siku na majuma yanayopotea nyumbani kabla ya kwenda hospitali ni hasara ambayo hakuna hospitali inayoweza kuirudisha.

Kutembea tena na kujitegemea

Swali la pili ni la kutembea. Tafiti nyingi zinakubaliana kwamba miongoni mwa wanaonusurika, kati ya asilimia 40 na 60 hurejea katika uwezo wa kutembea waliokuwa nao kabla ya kuanguka. Waliobaki hupungukiwa: aliyekuwa akitembea bila msaada hutumia mkongojo, na aliyekuwa akitumia mkongojo huhitaji fremu ya kutembelea au mtu wa kumshika. Sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi sita ya mwanzo, na kwa wengine huendelea hadi mwaka mmoja.

Kinachotabiri vizuri zaidi matokeo hayo ni hali ya mzee kabla ya kuanguka kuliko aina ya chuma. Aliyekuwa akienda sokoni au shambani mwenyewe, mwenye akili timamu na lishe nzuri, ana matumaini makubwa kuliko aliyekuwa akikaa ndani muda wote. Hata hivyo, huduma nayo ina uzito wake. Utafiti uliofanywa Trondheim nchini Norway na kuchapishwa mwaka 2015, ukiwa na wagonjwa 397, ulionesha kwamba wazee waliolazwa katika wodi yenye wataalamu wa magonjwa ya wazee, ambako moyo, dawa, chakula na mazoezi yao viliangaliwa kwa pamoja, walitembea vizuri zaidi miezi minne baadaye kuliko waliolazwa katika wodi ya kawaida ya mifupa.

Mgonjwa hupaswa kuinuliwa kitandani siku inayofuata upasuaji, isipokuwa pawe na sababu ya kitabibu ya kumzuia. Ndugu wengi huogopa kuwa chuma kitang'oka. Kwa kawaida nusu nyonga iliyowekwa vizuri inahimili uzito wa mwili mara moja, na maumivu kiasi ya siku za mwanzo si dalili ya kuharibika.

Kifaa hudumu muda gani?

Kwa wazee walio wengi, kifaa hudumu kuliko maisha yao yaliyosalia. Wagonjwa wachache tu, kwa makadirio ya tafiti nyingi chini ya mmoja kati ya kumi, huhitaji upasuaji mwingine wa nyonga ileile. Sababu za kurudia hutofautiana kulingana na wakati.

Katika wiki na miezi ya mwanzo, hatari kuu ni maambukizi ya kidonda na kuchomoka kwa kichwa cha chuma kutoka katika kikombe. Kidonda kinachoendelea kutoa majimaji, kuvimba kunakoambatana na homa, au mguu unaofupika ghafla kwa maumivu makali ni dalili za kurudi hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi yakigunduliwa mapema, mara nyingi kifaa huweza kuokolewa. Yakifichwa kwa vidonge vya kununua dukani, huenda ikalazimu kukiondoa.

Baada ya miaka, matatizo hubadilika sura. Chuma kikisuguana na gegedu la kikombe asilia kinaweza kulila taratibu, mgonjwa akaanza kuhisi maumivu ya kinena anapotembea. Hali hiyo huwapata zaidi wenye umri mdogo kidogo na wanaotembea sana. Shina nalo linaweza kulegea ndani ya mfupa na kuleta maumivu ya paja, au mfupa unaolizunguka ukavunjika mzee anapoanguka tena. Kwa hiyo, maumivu mapya yanayojitokeza baada ya miaka ya utulivu hayapaswi kuhesabiwa kuwa uzee tu. Yanahitaji picha.

Saruji, au bila saruji?

Shina la chuma huweza kushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa au kusukumwa kwa nguvu lishike lenyewe. Kwa muda mrefu baadhi ya madaktari walihofia saruji, kwa kuwa mara chache shinikizo la damu la mgonjwa huweza kushuka ghafla wakati inapowekwa. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022, ukihusisha wagonjwa 1,225 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ulitoa mwanga. Waliowekewa saruji walikuwa na ubora wa maisha ulio juu kidogo miezi minne baadaye. Mfupa uliozunguka kifaa ulivunjika kwa asilimia 0.5 yao, ikilinganishwa na asilimia 2.1 ya wale wasiowekewa. Vifo ndani ya mwaka mmoja vilikuwa asilimia 23.9 kwa waliowekewa saruji na asilimia 27.8 kwa wengine, hivyo hofu kwamba saruji huongeza vifo haikuthibitika.

Utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 900, ulilinganisha kifaa cha zamani cha Thompson na kifaa cha kisasa, vyote vikiwa vimewekwa kwa saruji. Baada ya miezi minne ubora wa maisha ya makundi hayo mawili haukutofautiana. Kwa nchi ambazo bei ya vifaa ni kikwazo, habari hii ina maana kubwa: kazi nzuri ya upasuaji na uangalizi baada yake havitegemei chuma cha bei ya juu kuliko vyote.

Nusu ya nyonga au nyonga nzima?

Familia nyingine huuliza kwa nini isibadilishwe nyonga nzima, kikombe kikiwemo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,495 katika nchi 10. Katika miaka miwili, waliohitaji upasuaji mwingine walikuwa asilimia 7.9 kwa nyonga nzima na asilimia 8.3 kwa nusu nyonga, tofauti isiyo na uzito. Matatizo ya kiungo kutotulia mahali pake, ikiwemo kuchomoka, yalikuwa asilimia 4.7 kwa nyonga nzima na asilimia 2.4 kwa nusu. Nyonga nzima iliwapa wagonjwa nafuu zaidi kidogo ya maumivu na utendaji, lakini faida hiyo ilikuwa ndogo.

Kwa maneno mengine, mzee mwenye nguvu anayetarajiwa kuishi miaka mingi, au ambaye nyonga yake ilikuwa imekwisha kusagika kabla ya kuvunjika, anaweza kufaidika na nyonga nzima. Kwa mzee dhaifu, nusu ya nyonga ni upasuaji mfupi zaidi na wenye kutosheleza haja. Kupendekezewa nusu si kunyimwa haki wala kupewa tiba ya daraja la pili.

Wapo pia wazee wachache walio dhaifu mno, waliokuwa karibu na mwisho wa maisha kabla ya kuanguka. Kwa hao, utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2022 ulionesha kwamba kutopasua, baada ya familia na madaktari kujadiliana kwa uwazi na maumivu kudhibitiwa ipasavyo, kunaweza kuwa uamuzi wa utu. Lakini uamuzi huo hufanywa hospitalini kwa ushauri wa daktari, na hautokani na kuchelewa nyumbani.

Maisha ya kila siku nyumbani

Katika nchi nyingi za Magharibi, baadhi ya wagonjwa huhamia katika makazi ya kulelea wazee. Kwetu mzigo huo hubebwa na familia, mara nyingi na binti, mkwe au mjukuu. Yafaa maandalizi yafanyike kabla mzee hajaruhusiwa.

Kuchuchumaa chooni na kuketi kwenye kigoda au mkeka hukunja nyonga kupita kiasi, na katika wiki za mwanzo huweza kuchangia kuchomoka kwa kifaa, hasa pale daktari alipopitia upande wa nyuma wa kiungo. Kiti imara chenye tundu, kikiwekwa juu ya choo cha shimo, huondoa haja ya kuchuchumaa. Kitanda kiwe na kimo cha kumwezesha mzee kuketi miguu ikigusa sakafu. Anayesali aketi kitini hadi daktari atakapomruhusu kusujudu au kupiga magoti. Mazoezi aliyoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia yaendelee kila siku, hata kama ni kusimama na kuketi mara chache huku akishika meza. Chakula kiwe na protini ya kutosha, kama maharage, samaki, mayai au maziwa, kwa sababu misuli haijengwi kwa uji mtupu.

Kuhusu gharama, ndugu wasisite kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema ili kujua utaratibu wa bima na wa msamaha kwa wazee wasio na uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea.

Kuzuia mvunjiko wa pili

Aliyevunjika nyonga moja yumo hatarini kuvunjika ya pili, kwa sababu udhaifu wa mfupa uliosababisha mvunjiko wa kwanza haujaondoka. Upasuaji hubadilisha kiungo tu, hautibu mifupa mingine. Utafiti wa mwaka 2007 uliowahusisha wagonjwa 2,127 ulionesha kuwa dawa ya asidi ya zoledroniki, inayotolewa kwa njia ya mshipa mara moja kwa mwaka baada ya upasuaji wa nyonga, ilipunguza mivunjiko mipya kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28. Familia imwulize daktari kuhusu tiba ya mifupa kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, kwani swali hili husahaulika mara nyingi.

Kinga nyingine hazihitaji dawa. Taa ya kumulika njia ya chooni usiku, sakafu ya bafu isiyoteleza, ndara chakavu kutupwa na mikeka iliyojikunja kuondolewa njiani hupunguza kuanguka. Macho yapimwe, kwa kuwa mtoto wa jicho hutibika. Dawa za shinikizo la damu na za usingizi zipitiwe upya na daktari endapo mzee hupata kizunguzungu anaposimama.

Jamii inakumbushwa kwamba mzee aliyeanguka na kushindwa kusimama apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, akiwa amelazwa na mguu wake umetulizwa, ili apigwe picha na kupewa rufaa mapema. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa mitaa na vijiji wanaweza kusaidia pale ambapo usafiri ni tatizo. Nusu nyonga ya chuma haimrudishii mzee ujana wake. Humpa nafasi ya kusimama tena kwa miguu yake, na nafasi hiyo huwa kubwa zaidi pale familia inapowahi hospitali na kuendelea kumsaidia baada ya kurudi nyumbani.